Goti la Kushoto la Bi Barke

Hasmukh wa Langoni hauzi kabla hajaeleza.
Anaifuta chupa kwa pindo la shati,
anaiinua kwenye mwanga wa mlango:
majani haya, asema, yamechemka siku tatu
ndani ya mafuta ya ufuta, moto mdogo,
moto usiounguza hata nzi.
Kwa wazee wa kwao, maumivu ya maungio ni upepo
ulioingia mwilini ukakosa pa kutokea.
Nikamwambia, sisi twaita baridi yabisi.
Akacheka. "Baridi, tena kavu!
Basi mlijua siku zote. Mlikosa chupa tu."

Shilingi mia tisa. Nikalipa.

Nyumba ya mume wangu ina ngazi thelathini na moja
na hakuna mbili zilizolingana kimo.
Bi Barke amezihesabu kutoka juu, kwa goti la kushoto,
tangu mvua za mwaka juzi:
ya nne yamchoma,
ya tisa yamtukana,
ya kumi na saba ni ya kukaa na kumwita Mola.
Sasa hashuki. Mji waja kwake kupitia dirishani,
kwato za punda, mwadhini, paka wanaogombea utumbo wa samaki.

Baada ya isha naiweka chupa kwenye bakuli la maji moto,
natandika kanga kuukuu chini ya mguu wake.
Kwenye mfupa, mkono uende mrefu.
Kwenye goti, uzunguke.
Hasmukh alinifunza hivyo juu ya kiwiko chake mwenyewe,
kwa heshima, macho akiyaelekeza kwenye mizani.

Miaka sita hatukuwa na la kuambiana
isipokuwa chumvi: imezidi, imepungua.
Mavyaa na mkazamwana.
Sasa goti lake liko mikononi mwangu,
lina joto kama mkate uliofunikwa,
na chini ya kidole gumba kuna kitu kinasagika,
changarawe, mchanga wa ndani.
Mimi niliyekuwa sijamgusa hata bega
najua panapouma kabla hajakunja uso.

Mwezi wa tatu bei ikapanda
na mshahara wa mume wangu ukachelewa Mombasa.
Sikusema. Nikatia chupani uto wa jikoni,
karafuu saba, tangawizi ya kuponda,
na kitunguu saumu. Hapo kwenye kitunguu ndipo nilipokosea.
Nikatikisa mpaka rangi ikafanana.

Usiku ule alifumba mato.
Nikazunguka goti kama mwizi anayezunguka nyumba.
"Ya yeo," akasema, "yamefika ndani."
Kesho yake pia. Na kesho kutwa.
Ijumaa moja nikamkuta amesujudu chini,
paji la uso kwenye msala,
na kile kiti chake cha kuswalia kando,
hakijui kifanye nini.

Mshahara ulipofika nilirudi kwa Hasmukh.
Usiku nikampaka ya kweli.
Akavuta pumzi, akaituliza puani
kama anayeonja mchuzi wa nyumba ya watu.
"Umerudia ya Mhindi."
Mkono wangu ukasimama.
"Goti halina pua, mwanangu. Mimi n'nayo.
Wiki tatu nalala nanukia bajia."
"Na mbona hukusema?"
Akauweka mguu sawa juu ya kanga.
"Ungeacha kunikanda."

Sijui kinachotibu ni kipi. Hasmukh ashikilia ni majani,
na mimi simbishii mtu aliyenikopesha mara mbili.
Ninalojua ni la jana:
ya nne aliipita,
ya tisa aliipita huku akiuma mdomo,
ya kumi na saba akakaa.
Nikakaa ya kumi na nane, mbele yake, mgongo wangu ukigusa goti.
Chini mlangoni punda wa jirani alikuwa amekataa mzigo wa mawe
na mwenyewe anambembeleza kwa jina la mama yake.
Akaniuliza nimepika nini.
Nikamwambia.
"Punguza chumvi," akasema.
Tukaendelea kushuka.